Siku Afande Alipotangulia Mstarini

Mjukuu wangu Grace,

Bwana asifiwe. Huku Dubai tu wazima, ila joto linatupika. Bado nalinda ghala la vipuri vya magari Ras Al Khor, na mjomba wako amepata kazi hotelini, tunamshukuru Mungu.

Uliniuliza polisi hufanya kazi gani vita vikija, kwani si vya wanajeshi? Nitakueleza siku moja tu.

Nilikuwa konstebo kijana. Mkuu wa polisi wa kaunti yetu tulimwita Afande. Kituoni sote tulisema Kiswahili, kwa hiyo hatukujua hata kabila lake. Siku hiyo, vita vikiwa vimepamba moto, wanajeshi wa serikali wakaja kuwatafuta mahabusu wa kabila la waasi. Wakawapanga mahabusu wote uani, kila mmoja aitaje chumvi kwa lugha ya mama yake. Atakayeitaja kama waasi, wanajeshi watamchukua.

Afande akasimama mbele ya mstari. "Anzeni na mimi."

"Mzee, usituchekeshe," kamanda wao akasema.

Afande akaitaja. Kama waasi kabisa.

Kicheko kikakatika. "Kumbe mkubwa wao ni wewe!" Wakamfunga kamba. Kwa furaha ya kupata samaki mkubwa, wakawaacha wale mahabusu.

Akinipita aliniambia, "Konstebo, hawa watu hawajanywa maji tangu asubuhi." Hakurudi tena, Mungu amrehemu.

Mimi nilichota ndoo, nikawanywesha mmoja mmoja. Basi kazi yenyewe ndiyo hiyo, mama. Sijaona nyingine.

Nakuombea kila asubuhi,
Babu yako