Fabiani, Mlinzi wa Ndege wa Kwaluguru

Mwaka umetimia leo, Fabiani mwanangu, tangu utolewe ghalani umekufa, na asubuhi hii baba yako na mimi tumeamka tukigombana juu ya neno moja.

"Andika 'ajali', Mama Fabiani. Watu wasome gazetini, watupe pole, yaishe."

"Ajali gani hufunga kufuli kwa nje?"

"Unatafuta maneno na wakubwa."

"Namtafuta aliyefunga."

Ulipenda kucheka, hata ukichekwa. Mwaka 1942, walipofyeka pori la Kwaluguru kujenga kiwanja cha ndege za vita, karani alitangaza kwamba wanatakiwa walinzi wa ndege. Ukaenda na kombeo na debe la kupiga kelele, kama tulivyokufundisha shambani kwenye mtama. Askari walicheka hadi wakakaa chini. Wakakuandika kazi hapo hapo, na jina likakuganda: Mlinzi wa Ndege.

Vita vilipokwisha, Wazungu walipanda ndege zao wakaenda. Wakaacha njia ya kurukia, mapipa matupu, ghala limejaa mabati, na wewe na funguo. Miaka mitano ulikaa pale peke yako. Ukapanda mtama kando ya ile njia, ukawalinda ndege wenye manyoya. Jumapili ulituletea masuke kabla ya kanisa.

Lakini bati, hata moja hukuleta. Jiko langu lilivuja masika yote mbele ya macho yako. Nilikusema sana. Ukanijibu, "Mama, si yangu, ni ya Serikali." Nilinuna. Leo jibu hilo ndilo ninalowapa wanaonong'ona kwamba ulikufa ukiiba.

Walikukuta chini ya mabati yaliyoanguka. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, na funguo ulizoachiwa hazikuwa mwilini mwako. Msimamizi wa watu waliokuja kubomoa kiwanja alifika matangani, akasema "ajali" mara tatu kabla hajaulizwa. Wiki ya pili nilikwenda mwenyewe. Ghala lilikuwa tupu, limefagiliwa. Nani hufagia ghala la kubomolewa?

Haya yote nimemwambia baba yako tena leo. Dada yako Stefania ameingia, akaweka kombeo lako mezani katikati yetu. Katani yake aliisokota baba yako kwa mkono wake, ukiwa na miaka saba. Baba yako amelishika. Kisha amenipokonya kalamu, akalikata lile 'ajali' aliloniandikisha, na juu yake akaandika: *alifungiwa*.

Kaleb, shemeji yako, yuko mlangoni na baiskeli. Karatasi hii inaondoka sasa kwenda stesheni ya Korogwe, iwahi treni, kabla hatujaogopa tena.

Unakumbukwa na baba yako Mikaeli, mimi mama yako Grasiana, Stefania na Kaleb.

Daima tutakukumbuka. Na aliyebaki na funguo, naye akukumbuke.