Mlima Wenye Majina Matatu

Jumanne, 2 Machi 1965. Sidab, Maskati

Maji mitungi miwili. Unga umekwisha. Nimeshona kofia mpaka macho yakauma. Bi Zuwena, mkwe wangu, kampakulia tena mwanawe sahani na kuifunika kawa. Nassor, mume wangu, hajakanyaga Maskati hata siku moja, lakini ana sahani yake hapa. Mwisho naila mimi, maana chakula hakitupwi. Nachukia kuila.

Mwezi sasa tangu ifike barua ya baharia mwenzake, Mngazija, baada ya kuzunguka Mombasa. Anasema Januari mwaka jana meli yao ilikuwa bandarini, kaskazini ya Norwe. Habari za mapinduzi ya Unguja zikatoka redioni. Nassor alivaa koti, akapanda mlima ulio nyuma ya bandari, peke yake. Walimtafuta siku nne. Hawakupata hata kiatu.

Bi Zuwena anasema, "Mwanangu yu hai, mie nnajua." Mimi sijui. Ndiyo shida yangu.

Alhamisi, 11 Machi

Kaka Khalfan kanipeleka mjini kwa kadhi. Nimekaa nyuma ya pazia. Kumbe neno moja ndilo litakaloamua maisha yangu. Mume akisafiri na habari zake zikakatika, huyo ni ghaibu. Mke humngoja mpaka upite umri ambao binadamu hawezi kuwa hai. Nitazikwa kabla. Lakini akipotea penye hatari ya mauti, kama chombo kilichozama, huyo ni mafkudi. Miaka minne, kisha eda, kisha mke yu huru.

Kadhi kauliza mlima una hatari gani. Jabal Akhdar, mlima wa hapa Omani, nako maji huganda, na watu wanalima makomamanga. Tena karatasi zetu hazikubaliani. Barua ya mwisho ya Nassor inasema Mlima Chumvi. Ya Mngazija inasema Bi Kizee. Ya wenye meli ina jina la Kinorwe lisilosomeka. Kadhi kasema, "Hii milima mitatu. Mtu kapotea katika upi?" Turudi tarehe ishirini na mbili.

Nina miaka ishirini na sita. Nataka watoto. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 13 Machi

Nimezitandaza barua mkekani. Unguja nilikuwa nikifundisha jiografia. Nchi za baridi nikizichora ubaoni kwa chaki ya buluu, mwenyewe sijaona hata mvua ya mawe. Nassor alikuwa akinicheka. Sasa nazisoma kama somo.

Mlima unaanzia baharini penyewe. Bahari haigandi, kwa sababu ya mkondo wa maji vuguvugu kutoka kusini. Hapo ndipo mgeni anapodanganyika. Anaona maji yanacheza, anadhani baridi ni ya kuvumilika. Miti inakomea katikati. Juu ya hapo ni mawe, upepo, na theluji isiyokwisha mwaka mzima. Januari jua halichomozi. Mchana ni kiza chepesi cha saa chache.

Mngazija anaeleza kwa nini wavuvi wa huko wanauita Bi Kizee. Hujitanda ushungi wa wingu kabla ya tufani. Akishajitanda, hapandi mtu. Jina lenyewe ni onyo, na Nassor hakulijua. Aliona weupe akakumbuka chumvi, akaupa jina la jikoni. Mjinga. Namlilia na kumtukana kwa pamoja.

Jumapili, 14 Machi

Jiko linawaka, na mgongo wangu wa baridi. Nimegeuka mara mbili. Mtu kasimama mlangoni, koti limemlowa. Hakuna mtu. Adhuhuri, jua la utosi. Sikumwambia Bi Zuwena. Angefurahi.

Jumatatu, 22 Machi

Kwa kadhi leo nimesema mwenyewe. Bi Zuwena alikuwa kando yangu, kaja kumtetea mwanawe.

Nimeeleza baridi, upepo, miti inapokomea. Nimesema mlima huo si wa kulimwa makomamanga. Kadhi karudi kwenye majina. Nikamwambia, "Shekhe, mimi nimezaliwa Unguja. Nyie mnaiita Zinjibar. Wazungu Zanzibar. Je, hivyo ni visiwa vitatu?"

Kadhi kamwambia karani: andika, mafkudi. Miaka minne kuanzia leo, kwa hesabu ya mwezi.

Nimeshinda. Njiani Bi Zuwena kasema, polepole, "Umemuua mwanangu kwa jiografia yako."

Jumanne, 23 Machi

Mchana sahani mbili. Yake Bi Zuwena na ya Nassor.

Ijumaa, 15 Disemba 1967

Kofia tatu. Bi Zuwena sasa anasema nami, habari za chumvi na kuni. Mtu wa Bawshar, mji wa jirani, aliyekuwa akingoja niwe huru anioe, kachoka, kaoa mwingine. Khalfan kanuna. Mimi wala.

Nikifumba macho niko kule. Njia zote nazijua, na hapa Maskati nilipo bado napotea vichochoroni. Napanda, mbele yangu kuna mgongo wa koti. Simwiti. Naogopa atageuka, na naogopa hatageuka.

Ijumaa, 7 Februari 1969

Miaka minne imetimia. Naingia eda. Miezi minne na siku kumi. Nguo ya eda kaishona Bi Zuwena mwenyewe, bila ya kuombwa. Kanivisha kama mtoto.

Jumapili, 15 Juni 1969

Nimetoka eda. Bi Zuwena kanikogesha. Joto kali, ukuta hauguswi.

Baadaye tumekaa kuchambua mchele. Kaniuliza, mara ya kwanza katika miaka yote hii, huko mlimani sasa hivi kukoje. Nikamwambia mwezi huu jua halizami kabisa. Kauliza, maghribi basi wanasali saa ngapi? Kauliza theluji, haiyayuki? Nikasema chini huyayuka, mito inajaa. Juu haiyayuki. Kilichoko juu hubaki kama kilivyo.

Kachambua kidogo. Kisha kasema, "Marehemu alikuwa hapendi joto."

Nikasema kweli, hapendi. Tukamaliza mchele.