Mirija ya Baba Mdogo

Jumanne, 4 Machi
Baba mdogo kakubali kutoa damu! Fundi cherehani mzima anaogopa sindano. Nimemtania, akanuna, kisha akacheka mwenyewe. Damu yake inaganda ovyo, na kesho mchana anaanza dawa. Lazima nichukue damu asubuhi – akishaanza dawa haitufai tena.

Akauliza tunatafuta nini. Nikamweleza kifundi: protini za damu zimeshonwa kwa nyuzi za salfa. Zamani tulidhani protini ikishatoka kwenye seli, mshono haubadiliki tena. Kumbe huko nje kuna protini nyingine, inafumua uzi hapa, inaushona pale – na protini iliyolala inaamka, damu inaganda. Akasema basi humo ndani ana fundi mwenzake.

Jumatano, 5 Machi
Damu imetoka vizuri. Nilipaswa kutia papo hapo dawa ya kushika nyuzi zisibadilike, maana kule kufumua na kushona huendelea hata ndani ya mrija wa maabara. Lakini baba mdogo akalegea, jasho likamtoka, akaning'ang'ania mkono. Usiniache, mwanangu. Sikumwacha. Nilipogeuka, mirija imekaa tu mezani. Muda gani? Sijui. Nikatia dawa, nikanyamaza.

Ijumaa, 7 Machi
Nyuzi zimefumuka karibu zote. Profesa anayesimamia utafiti wangu kapiga meza kwa furaha – ndicho alichokuwa akikitafuta! Nikachekacheka kama zuzu.

Zimefumuka mwilini, au mezani? Hakuna awezaye kujua sasa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kawahi kuzaliwa.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kwa baba mdogo nikiwa nimeshapanga maneno. Nikamkuta anameza kidonge. Wateja wote anawaambia damu aliyoitoa itawasaidia wagonjwa. Mama mdogo akaninong'oneza kwamba tangu mguu wake ulipovimba kwa damu kuganda hajawahi kumsikia akiimba kwenye cherehani, ila wiki hii. Nikala, nikaaga. Najichukia.

Jumatatu, 10 Machi
Profesa kamwalika baba mdogo maabara! Bila kuniambia. Kaja na shati alilolishona mwenyewe, kola imenyooka. Kapewa kiti cha mbele. Akanyoosha kidole kwenye grafu: hii ndefu ndiyo mimi? Profesa akasema mwenye kazi yupo, yaani mimi, nieleze. Kesho kutwa anayapeleka matokeo mkutanoni.

Nimesema nafuata miwani. Naandika stoo, nimekalia boksi la glavu. Miwani iko kichwani.

Nikinyamaza, watu watajenga juu ya mirija iliyolala mezani. Hilo siliwezi. Lakini nikisema, baba mdogo atauliza tu, kwa upole wake, ni nini kilichonichelewesha. Nami sijui kumdanganya. Nitamwambiaje kuwa ni mkono wake?

Namsikia anamwambia Profesa nisiharakishwe, tangu utotoni nasahau vitu. Sasa ananiita. Naja, baba.