Hewa Aliyoimwaga Gaspard

JAMHURI YA ZAIRE
Mkoa wa Shaba, Zone ya Kalemie
Kituo cha Jandarmeri, Kalemie

MAELEZO YA SHAHIDI
katika shauri la Gaspard, mzamiaji, anayeshitakiwa kuvunja kufuli ya hangari na kuharibu mali kwa makusudi

Jina: Banza Ilunga. Shahidi anataka liandikwe pia jina la ubatizo, Émérence, na wote humu waandikwe kwa majina ya ubatizo anayowaitia, ingawa ameelezwa kwamba majina hayo hayaandikwi tena.
Umri: hana karatasi. Anasema alizaliwa mwaka reli ilipofika ziwani.
Kazi: anakaanga mikate na kuiuza pwani, kando ya hangari ya wazamiaji.
Makao: Kataki, Kalemie.
Elimu: hakusoma.
Maelezo yamepokelewa na Ajida Valère, tarehe 14 mwezi wa nane 1975.

Kwanza andika hili, Valère, na usiliruke. Tangu wakupe hiyo kofia hujakanyaga kwangu. Mama yako Florentine alipougua, wewe ulikula kwenye sahani moja na wanangu, na mgongo huu ulikubeba mpaka ukawa mzito kama gunia. Leo, ili nikuone uso, ni lazima mtu afungwe kasho. Nimekaa kwenye benchi lako, nikakuuliza tumbo lako linaendeleaje, na wewe ukaniuliza umri wangu. Umeandika? Haya, sasa tuingie katika neno la Gaspard.

Gaspard ninamfahamu. Si mtoto wangu wala mkwe wangu. Ni mtu wa milima ya Marungu, upande wa Moba, kule kwenye baridi na mbuzi, na jinsi mtu wa mbuzi alivyofika chini ya maji sijui, namuuliza kila siku na yeye anacheka tu. Anazamia pamoja na Damien. Wanakamata vile visamaki vya rangi vinavyokaa kwenye mawe, vinatiwa katika mifuko ya maji, vinapanda ndege mpaka Ulaya, watu wa kule wavitazame ndani ya kioo. Samaki asiyeliwa. Sikuuliza zaidi.

Hangari ilikuwa ya Mzungu. Serikali ilipochukua mali za wageni, ikapewa Isidore, sitwayeni kama tunavyoitwa raia sote sasa, ambaye zamani aliuza vitambaa. Isidore si mtu mubaya, asubuhi ananisalimia. Lakini anaogopa wezi kama wengine tunavyoogopa kiboko.

Ndani ya hangari kuna pampu yenye motere inayokunywa mazutu, mafuta ya malori. Pampu hiyo njo inajaza hewa katika chupa za chuma ambazo wazamiaji wanabeba mgongoni. Wakati wa Mzungu ilikaa nje, na bomba lake la kuvuta hewa lilielekea ule upande upepo unakotoka, moshi ukaenda zake nyuma. Mwaka huu kusi ilipoanza kurusha mchanga, Isidore aliona pampu yake italiwa, au itaibiwa, akaiingiza ndani na kufunga mlango. Motere ikawa inatoa moshi humo ndani, na pampu inavuta moshi ule ule na kuutia katika chupa.

Hili nalijua kwa mikate yangu. Moshi ulipita chini ya mlango ukaingia katika unga wangu uliokuwa unaumuka. Watu wakaanza kunirudishia mikate. Mwalimu mmoja aliniambia, "Kambo, bibi yangu, leo umekaanga na mazutu?" Nikahamisha jiko upande wa pili wa njia. Siku chache baadaye Damien alizama na chupa moja mpya, ya njano, iliyojazwa humo ndani. Alitoka amekamata kichwa, akatapika mbele ya jiko langu. Nilimpa maji ya ndimu, yeye akasema ni jua. Gaspard akaenda kwa Isidore, akamwomba arudishe pampu nje. Mimi nilikuwepo. Isidore alisema, "Hewa ni hewa, Gaspard. Unataka nikuletee ya Ulaya, ya Brisele?" Watu wakacheka, na pampu ikabaki ndani.

Mnamo tarehe 12 mwezi huu, Jumanne, kengele ya adhuhuri ya parokia ilikuwa imekwisha kulia. Kusi ilikuwa kali. Boti ya chuma iliyotoka Moba na mahindi ilikuwa inageuka iingie bandarini, wimbi likaipiga ubavuni, magunia yakateleza yote upande mmoja, na boti ikapinduka mbele ya macho yetu, tumbo juu. Waliokuwa juu waliogelea, mitumbwi ikawaokota. Tukawahesabu kwa majina. Aliyekosekana ni Fidèle, mekanisye, fundi wa motere ya boti. Alikuwa chini, katika chumba cha motere.

Tukawa tunasema alale pema. Ndipo tukasikia chuma kinagongwa. Ngo. Ngo. Ngo. Yu hai mule ndani, katika hewa kidogo iliyobaki, na anagonga kwa ufunguo wake. Angélique, mke wake, alikuwa amekuja na mtoto mgongoni. Hakulia. Alikaa mchangani kama mtu aliyekatwa miguu.

Mtu mmoja alisema waitwe mafundi wa reli waje watoboe chuma kwa moto. Gaspard alikuwa amefika anakimbia, na shati mkononi. Akasema, "Mukitoboa, hewa yake itatoka kwenye tundu, na boti itashuka naye." Akaenda moja kwa moja mpaka hangari. Ilikuwa na kufuli. Isidore alikuwa safarini Kabimba na ufunguo mfukoni. Gaspard akanitazama. Kufuli hiyo ilivunjwa kwa mchi wangu wa kutwangia, na mchi nilimpa mimi kwa mkono wangu mwenyewe. Kama ni kosa, nitie kasho pamoja naye, na mchi uutie pia.

Sasa andika vizuri, maana hapa njo kuna neno lenyewe.

Damien alikuwa tayari. Alibeba ile chupa ya njano, inayong'aa, akavaa miwani ya maji na yale mapezi ya mpira ya miguuni, akaanza kwenda kwenye maji. Gaspard alimkamata kwa mkanda kutoka nyuma, akafungua bomba la ile chupa kidogo, akatia pua. Akafungua ya pili akanusa, akaweka mdomo, akatema mate. Ya tatu vilevile. Watu wakapandwa na hasira. Grégoire, ndugu yake Fidèle, alipiga kelele, "Weye mutu wa mbuzi, unanusa chupa kama pombe ya matanga! Kaka yangu anakufa!" Mimi mwenyewe nilikuwa na mwiko mkononi, na mkono ulikuwa unawasha.

Gaspard alizipanga chupa zile mchangani, akazifungua zote mpaka mwisho, na ya njano akaifungua ingali mgongoni mwa Damien. Zililia kama nyoka. Ukasikia kweli harufu ya mazutu, ile ile ya mikate yangu. Damien akageuka anataka kumpiga. Gaspard akamwambia polepole, "Ulitapika na hiyo ukiwa chini kidogo tu, kwenye mwanga. Leo unaingia kwenye giza, ndani ya chuma. Ukizimia mule, nitatoa maiti mbili, na hewa nzuri itaniishia. Kama ningeziacha zimejaa, mungeniruka muzibebe." Damien akaivua mwenyewe.

Kwa hiyo, Valère, hewa hiyo anayoililia Isidore ilimwagwa hivyo. Haikumwagwa kwa wivu wala kwa ulevi. Ilimwagwa kama mama anavyomwaga maziwa yaliyooza ili watoto wasiyakute.

Kwenye kona, chini ya nyavu, kulikuwa na chupa ya zamani ambayo Gaspard peke yake aliikumbuka, imebonyea, rangi imebanduka yote. Hiyo ilijazwa pampu ikiwa bado nje. Gaspard aliinusa, akaipima kwa kile kisaa cha sindano kinachoonyesha hewa iliyobaki, akasema, "Haikujaa, lakini ni safi. Itatutosha watu wawili tusipogombana."

Kisha akachagua vingine, na mimi nilikuwa karibu kama nilivyo karibu na wewe. Mapezi aliyaacha. Alisema chumba cha motere ni chembamba, mapezi yatanasa na yatachafua maji, aingie miguu mitupu. Nguo ya mpira aliiacha, ziwa halina baridi na kuivaa kunachukua muda. Mikanda ya risasi, ile mizito inayomshusha mtu, alichukua miwili. Nikamwuliza, "Wa pili wa nini, mwanangu? Huyo maskini tayari yuko chini." Akanijibu, "Kambo, ili tutoke ni lazima kwanza tushuke, tupite chini ya ukingo wa boti. Asiyejua maji anaelea. Atabandikwa juu ndani mule kama ubao, na sitaweza kumvuta." Mimi mikanda hiyo naiona kila siku, wanakandamizia turubai upepo usilichukue. Sikujua kuna siku inaweza kumwinua mtu.

Akageukia Grégoire, yule aliyemtukana. Akamwambia, "Leta uso." Grégoire akafikiri atapigwa, akakunja ngumi. Gaspard alimwekea miwani ya maji machoni, akaibonyeza, akatoa, akaweka nyingine, kama muuza kofia sokoni. Maana Grégoire na Fidèle sura zao ni moja, hata mama yao alikuwa anachanganya majina. Ile ya tatu ilishika, isipokuwa kwenye sharubu, hapo ilipitisha hewa. Gaspard akauliza, "Fidèle naye ana sharubu hizi?" Angélique akajibu kutoka mchangani, "Nene kuliko hizo." Ndilo neno pekee alilosema siku ile. Gaspard akaomba mafuta mazito. Nilikuwa na kopo langu la vazelini ninalopaka magoti. Akalitia katika kaptula, akasema atampaka mule mule ndani.

Mwisho akachagua kile kidomo cha kuvutia hewa. Vipo vingi. Akachukua chenye mpira mrefu kuliko vyote, ili wapokezane bila kugongana vichwa.

Wakati huo kugonga kulikuwa kumeanza kuwa mbali mbali. Ngo. Halafu kimya. Halafu ngo, pole pole, kama mtu anayesinzia. Watu wote pwani walikuwa wanamtazama Gaspard kwa chuki, na mikono yake ilikuwa inafanya kazi yake tu. Mimi nimezaa, nimezika, nimeona askari wakikimbia na mapadri wakikimbia. Mikono iliyotulia namna ile nimeiona kwa mkunga mmoja tu, naye alikwisha kufa.

Akaenda. Damien alikwenda naye mpaka kwenye tumbo la boti, akakaa juu na kamba, ncha ya pili kwa Gaspard. Gaspard kwanza aligonga chuma kutoka nje, ili Fidèle ajue mgeni anakuja. Ndani ikajibu haraka haraka. Kisha akashuka, hatukumwona tena.

Tulikaa. Siwezi kukuambia ni muda gani, sina saa. Mafuta yangu jikoni yaliungua na mimi nikayaacha yaungue. Kugonga kulikoma kabisa, na Grégoire alikwenda nyuma ya mtumbwi kufunika uso. Baadaye Fidèle alitueleza kwamba alikuwa amekoma kwa sababu anafundishwa. Gaspard alimpaka vazelini gizani, akamvalisha mkanda, akamfundisha kuvuta kwa mdomo, akamwambia, "Ukitaka kunipiga, nipige sasa. Chini ya maji usinipige." Fidèle anasema alicheka mule ndani. Mtu yuko kaburini, anacheka.

Kamba ikavutwa kutoka chini. Damien akaivuta kama anatoa ng'ombe kisimani. Kwanza ilitoka sharubu ya Fidèle inayong'aa mafuta, kile kidomo kikiwa katikati ya meno, na hakukiachia hata pwani, walikitoa kwa nguvu. Gaspard alitoka nyuma yake hana kitu mdomoni. Pumzi ya mwisho ya chupa alikuwa amemwachia mwenzake.

Angélique alisimama. Hakwenda kwa mume wake kwanza. Alikwenda akamfuta Gaspard maji usoni kwa kitenge cha mtoto, kisha ndipo akaenda kwa mume.

Jioni Isidore akarudi kutoka Kabimba, akaona kufuli imevunjika na chupa zake hazina kitu, akaja kwako. Ninyi mukamchukua Gaspard akiwa bado na mchanga masikioni. Nasikia kwamba Jumatatu anapandishwa treni kupelekwa Lubumbashi, kwa mashitaka ya kuhujumu uchumi wa nchi. Isidore anasema tutajua vipi kama hewa ile ilikuwa mbaya, na yenyewe imekwisha kumwagika? Mimi nasema pampu haikumwagika. Iko pale, mlango uko pale. Nenda, uiwashe, ufunge mlango, usimame ndani. Usikae sana, maana Florentine atatoka kaburini aje anidai mtoto wake.

Niliyoyaona kwa macho na kuyanusa kwa pua nimeyasema. Yaliyo ndani ya boti ayaeleze Fidèle, mimi sikuwemo.

Alama ya dole gumba la kulia la shahidi.

Maandishi ya mpokeaji: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti. Ameyakubali, ila ameniamuru nirudishe neno "mwiko" nililokuwa nimeliacha. Leo hii nimefika hangari pamoja na mlalamikaji, Sitwayeni Isidore. Pampu imewashwa, mlango umefungwa. Mlalamikaji alitoka kabla yangu. Mimi nilitoka baada yake kidogo, na kichwa kinaniuma hadi saa hii ninapoandika. Mlalamikaji amefuta mashitaka yake mbele yangu, na pampu imebebwa nje. Gaspard anatoka kasho leo. Ajida Valère.

Shahidi bado yuko kwenye benchi na anakataa kuondoka mpaka hili nalo liandikwe:

Kesho ni Kupalizwa kwa Maria. Misa ikiisha, wewe Valère njoo kwangu, umlete Gaspard kwa njia kubwa watu wote wawaone mnatembea pamoja. Fidèle atakuwepo na nyumba yake yote. Usije umekula. Bukari, ugali wangu, ikiwekwa mezani, mkono wa kwanza ni wa Gaspard. Wewe utanawa, utakunja mikono ya shati, na utangoja mpaka amemeza.