Walivyokizika Kijito Chetu

Nyumba ya nyuma ya karakana ya useremala,
Jumapili, 14 Mei.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima, na kwamba ule mgongo wako umeacha ubishi. Sisi huku tunapumua. Mama kikohozi kimepungua, ila analala kwangu sasa, kwenye kitanda changu, nami nalala chini. Ndiyo sababu nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia tu na vocha ingeisha bure.

Kijito hakipo, kaka. Kimezikwa.

Aliyekizika ni mdogo wetu, huyo wanayemwita Meya ingawa ni mwenyekiti wa mtaa tu. Mwenye ghala la saruji alitaka pa kugeuzia malori. Meya akaita mkutano, akasema kijito ni uchafu na mazalia ya mbu, kwa hiyo kitalaziwa bomba chini na kufukiwa juu. Watu wakapiga makofi. Na wewe ulimpongeza kwa simu, ukasema huko kwenu vijito vyote vimefunikwa na hakuna aliyekufa. Simu ilikuwa kwenye spika, na mama alikuwa pale akisikia kila neno.

Siku ya buldoza mama alikwenda kusimama katikati ya mafunjo yake. Unajua ni mafunjo yale yaliyotusomesha. Kila mkeka aliosuka ulitoka pale. Meya mwenyewe akaja kumshika mkono.

"Mama, unaniaibisha mbele ya watu."

"Nilikuogesha humu mbele ya watu hao hao," mama akamjibu, "hukuona aibu."

Lakini alitoka. Angefanya nini, avutane na mwanawe wa kumzaa huku dereva wa buldoza akitazama?

Sikuwahi kufikiri kijito chembamba vile kilibeba viumbe wengi hivyo. Vyura walitoka makundi makundi wakavuka barabara, malori yakapita juu yao. Asubuhi tuliwafagia kama majani. Kambale walibaki wakitapatapa kwenye tope, watu wakawaokota kwa ndoo huku wakicheka. Yule ndege mdiria wa buluu aliyekuwa akijirusha majini kama jiwe alikaa juu ya waya siku kadhaa, akitazama kokoto zilizofukia maji, kisha hatukumwona tena.

Na mbu ambao Meya aliahidi kutuondolea, ndio kwanza wakaja. Vyura, vidagaa na kereng'ende ndio waliokuwa wakiwapunguza, nasi tumewaua wote. Dobi hana pa kufulia, amekwenda kubeba mizigo sokoni. Kisima cha mke wa mchomelea vyuma kilishuka, kikawa tope. Na sisi wanawake hatuna tena pa kukaa jioni tukasengenyana kwa heshima. Usicheke. Pale kwenye mawe ya kijito ndipo tulipojua nani anaumwa na nani hajala. Mjane wa fundi viatu aliumwa hadi akazirai, na jirani wa ukuta mmoja hakuwa na habari.

Kisha mvua zikaja. Bomba walilolaza lilikuwa jembamba, likaziba takataka mara ya kwanza tu. Maji hayana chuki na mtu, lakini ukiyanyima njia yake yatachukua yako. Yaliingia kwa mama kupitia jikoni. Nilimkuta amekaa juu ya meza, amekunja miguu, mikeka yake ya mwisho inaelea chumbani. Hakuwa akilia. Alisema tu, "Kazi ya mwanangu hiyo. Itazame."

Mtaa mzima tulichimba hadi tukalipasua lile bomba. Meya naye alikuja na sururu, akachimba kuliko wote, na hakuna aliyemsemesha isipokuwa kwa matusi. Waliomtukana ni walewale wa makofi. Watu wamesahau mikono yao wenyewe.

Sasa umebaki mfereji. Maji yanapita, meusi, hayana hata kiluwiluwi. Mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani anasema mafunjo yakipandwa upya mizizi yake itachuja uchafu, ila itachukua miaka. Mwenye ghala hataki hata kusikia.

Juzi Meya alikuja hapa kwangu, akapiga magoti mbele ya mama.

"Nisamehe, mama."

"Mimi nilipata pa kuhamia," mama akasema. "Kawaombe wasiopata." Akageukia ukuta.

Mdogo wetu alitoka peku. Viatu vyake viko mlangoni mpaka leo, na mama amenikataza nisiviguse. Sijui anataka mwanawe avirudie au anataka avione vikioza. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini na nguo yenyewe.

Nakuomba jambo moja. Mpigie mama, si Meya. Na ukimpata, usimtajie maendeleo.

Msalimie sana wifi, na yule kaka yake mfupi anayependa utani, na mama mkwe wako. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awajalie maji safi, na watoto wanaosikia wanapoambiwa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo nilivyokasirika.