Mama Alivyoambiwa "Kata"

Jumatano, Msambweni

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia Mama, "Wewe fuata maneno ya Mwanaisha tu."

Wanafunzi wangu wa video walikuja nyumbani kumrekodi Mama akisuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Leo ilikuwa zamu ya Mwanaisha kuongoza. Aliporidhika na picha akapaza sauti kamera izimwe: "Kata!"

Mama akachukua kisu, akakata. Ukili wa siku tatu, vipande viwili.

Mwanaisha machozi yakamlengalenga. "Nisamehe, bibi."

"Nikusamehe nini, mjukuu wangu? Si umeniambia nikate?" Akacheka yeye wa kwanza, akalowesha ukindu, akaanza kuunga. Tukakubaliana kuwa tangu leo tutasema "basi".

Mimi sikucheka. Tangu niache kazi ya mapokezi hotelini Diani nije kufundisha kamera, Mama hapitishi wiki bila kuniuliza, "Na kazi utatafuta lini?" Leo nami nimemharibia yake.

Baada ya Magharibi, mama mdogo akapiga simu kutoka Jego, analalamika kwamba amempigia dada yake mchana kutwa bila kujibiwa. Nikatega sikio jikoni. Nilijua ninasemwa sasa hivi, mimi na kamera zangu.

"Ningepokeaje?" Mama akamjibu, tena kwa ukali. "Nilikuwa kazini na mwanangu."