Ngamia wa Shemeji na Ramani ya Simu

Mama Njeri, uko salama? Mimi huku Isiolo nacheka mpaka mbavu zinauma! Leo asubuhi shemeji yangu Guyo amekosa ngamia. Huyo ngamia huvaa kifaa shingoni cha kumtafuta kwa simu, na simu ikasema ako kwa boma ya jirani, Halima. Na binti ya Halima anaolewa na kijana ya Guyo Jumamosi!

Nikamwambia, "Shemeji, zunguka nyumba kwanza." Wapi! Akaenda kupiga kelele, "Halima, toa ngamia!"

Halima akasema, "Basi harusi hakuna."

Kumbe ngamia ako nyuma ya nyumba yetu, anatafuna fensi. Fundi wa hivyo vifaa akatueleza: jua limerusha moto, sumaku ya dunia ikashtuka, hewa ya juu kabisa ikavurugika, sasa mawimbi ya setilaiti yanachelewa njiani na ramani inakosea hatua kadhaa. Na mimi nilidhani jua ni ya kuanika nguo tu!

Guyo akarudi kwa Halima na maziwa, kichwa chini. Halima akakunywa yote, akapanguza mdomo. "Harusi iko. Lakini huyo ngamia ongeza kwa mahari."

Usiambie mtu kanisani. Haya, mmoja tu. Mungu akutunze, mpenzi wangu.

Mama Ciku